Mavyaa, Umeniachia Mwanao

Mavyaa wangu, Bi Moi,

Nnakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu Kihakka, Kichina chetu cha nyumbani, nnajua kukisema tu, kukiandika sijui, na wewe hukujua kusoma lugha yoyote, kwa hiyo hapo tuko sawa. Ungekuwepo ungeniuliza kwa nini nimekaa kitako mchana kweupe nnachafua karatasi na nguo za kufua zimejaa karai. Nguo zipo na zitangoja. Leo nataka kusema mpaka mwisho bila ya wewe kuinuka katikati ya maneno yangu kwenda kutazama chungu.

Maana hiyo ndiyo ilikuwa tabia yako. Mtu anaanza kukueleza jambo lililomkaa rohoni, wewe unasikia mchele unachemka. Miaka yote niliyoishi na wewe sijui kama nimewahi kumaliza sentensi tatu. Mchele wenyewe mara nyingine ulikuwa haujabandikwa.

Unakumbuka siku niliyoshuka bandarini? Ulikuwa mwaka wa Mapinduzi, mambo yameanza kutulia, na wenye uwezo wa kuondoka walikuwa wakipanda meli. Mimi nilikuwa nikishuka. Baba yangu kule kisiwani Moris alikuwa ameshatoa neno kwamba binti yake ataolewa na mwanao Seni, Mhakka mwenzetu wa Unguja, na baba akishatoa neno hata vita havimrudishi nyuma. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilivaa viatu vya kisigino na gauni nililolishona mwenyewe, na macho yangu yalikuwa yakimtafuta bwana harusi niliyemwona kwenye picha. Bwana harusi hakuja. Ulikuja wewe, miguu mitupu, na kofia yako pana yenye kitambaa cheusi kinachoning'inia ukingoni, umesimama katikati ya wachukuzi kama mwenye bandari yake. Ukanitazama mikono, ukanizunguka, ukanishika mabega kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Mabega ya dukani haya, hayajabeba kitu," ulisema. Kisha ukaongeza, "Seni yuko Mkokotoni. Twende."

Hayo ndiyo yalikuwa mapokezi yangu ya arusi. Ukalichukua sanduku langu ukalitia kichwani, mwanamke wa umri wako, ukatangulia. Mimi nilikufuata kwenye vichochoro vya Malindi, visigino vikinasa kwenye mawe, nikilia kimya kimya. Hukugeuka hata mara moja. Nilidhani hukujua kama nnalia.

Seni mwenyewe nilimwona baada ya siku mbili. Alikuwa mpole, mrefu, ananuka moshi na bahari. Alinisalimu kwa adabu, akala, akalala, na wiki iliyofuata akaondoka tena. Kazi yake ilikuwa kununua majongoo ya pwani kwa wavuvi wa Mkokotoni na Makunduchi, wale wadudu wanene wa baharini ambao hapa hawaliwi na mtu lakini kwetu ni chakula cha karamu. Biashara hiyo aliianzisha marehemu mumeo. Mumeo alipofariki ukaishika wewe, na nilipokuja mimi ukanishikisha mimi. Kuyapasua, kuyachemsha kwenye mapipa kule ufukweni Funguni, kuyasugua kwa majani ya mpapai mpaka ile ngozi ya chokaa itoke, kuyaanika, kuyapindua. Mikono yangu iliyokuwa ikishika sindano ikavimba vidole. Nikikuonyesha, unaonyesha ya kwako.

Na maji je? Nyumba nyingine za mtaa zilikuwa na mtu wa kuteka maji. Yetu ilikuwa na mimi. Ulinikabidhi mzegazega siku ya tatu, ule mti wa begani wenye ndoo huku na huku, ukanionyesha namna ya kutembea kwa kunesa ili uzito usinivunje. Watu walitoka barazani kutazama. Mchina wa kike na ndoo mbili, anayumba kama mlevi. Nikakuambia kwamba nnaona haya.

"Mwanamke wa Kihakka hafungwi miguu," ulinijibu. "Hata zamani, wenzetu walipofungwa ili miguu ibaki midogo, sisi hatukufungwa. Kwa sababu nani angelima?"

Sikukuuliza habari za miguu. Nilikuuliza habari za haya. Lakini wewe kila swali ulilijibu kwa habari za milimani kwenu Uchina: wanaume wanakwenda nchi za mbali, wanawake wanabaki na mashamba na mizigo na mavyaa zao. Nilidhani unanisimulia hadithi za kale. Kumbe ulikuwa ukinieleza maisha yangu mimi.

Halafu chumvi. Hili, mama, hata sasa nikilikumbuka kichwa kinaniuma. Nikipika, unaonja, unasema, "Chumvi." Basi. Hukusema imezidi, hukusema imepungua. Nikiongeza, kesho yake "Chumvi." Nikipunguza, "Chumvi." Siku moja nilipika bila ya chumvi kabisa ili nijue. Ulikula bakuli zima, ukapangusa mdomo, ukaenda zako kuchanja kuni. Kila ulipokasirika ulikwenda uani kuchanja kuni, hata kama kuni zilikuwa zimefika darini. Siku hiyo ulichanja mpaka jirani akaja kuuliza kama tuna arusi.

Jirani huyo ndiye Bi Zuwena, na kama si yeye ningekuwa nimerudi Moris kwa kuogelea. Mlango wake ulitazamana na wetu. Alikuwa rika lako, mjane kama wewe, na mlikuwa mnakaa pamoja barazani kwake jioni, wewe na Kiswahili chako cha mkato, yeye na tambuu yake. Ndiye aliyenifundisha lugha. Ndiye aliyeninunulia doti yangu ya kwanza ya khanga na kunifundisha kuamkia wakubwa. Nilipomlalamikia habari zako, alicheka.

"Mwanangu, wewe umeolewa na nani?"

"Na Seni."

"Seni yuko wapi?"

"Makunduchi."

"Basi umeolewa na Bi Moi. Zoea."

Nilikasirika siku nzima. Lakini nikihesabu leo siku nilizolala nyumba moja na mume wangu na siku nilizolala nyumba moja na wewe, Bi Zuwena alisema kweli tupu.

Nilipojifungua Fa, huyu binti yangu ambaye mtaa mzima unamwita Fatu, nyinyi wawili mliniua. Nasema hivyo kwa heshima zote. Kwenu mzazi anakaa ndani mwezi mzima, hagusi maji baridi, anakula kuku aliyepikwa kwa tangawizi na pombe ya mchele. Kwa Bi Zuwena mzazi anakaa arubaini, anakandwa kwa maji ya moto, anafungwa tumbo na anakunywa uji wa pilipili manga. Hamkukubaliana nani ana haki juu ya tumbo langu, kwa hiyo mkaligawana. Asubuhi nilikandwa na kufungwa na Bi Zuwena mpaka nikashindwa kupumua. Mchana ulikuja wewe ukanifungua, ukaninywesha supu yako, ukanifunga upya kwa namna ya kwenu. Pombe ile uliichachusha mwenyewe uani, kwenye mtungi, katika mtaa wa watu wanaosali sala tano. Nilikuomba uifiche. Ulisema dawa haifichwi. Harufu ikapita ukutani, ikavuka kichochoro. Bi Zuwena akaja, akasimama mbele ya mtungi, akauangalia, akaniangalia mimi.

"Mimi sikuona kitu," alisema, "wala sikunusa. Lakini ufunikeni, nzi wataingia."

Na wewe ulifurahi kana kwamba umeshinda kesi.

Juu ya kuzaliwa kwake msichana hukusema neno. Nilikuwa nimejitayarisha. Nilikuwa na jibu langu tayari, la maneno makali, nililolitunga miezi tisa. Ulimchukua mtoto, ukamkunjua vidole vya miguu kimoja kimoja, ukasema, "Miguu mizuri. Itatembea." Jibu langu likabaki mdomoni bila ya kazi.

Kisha biashara ikaisha. Kununua na kuuza nje kukawa mikononi mwa serikali, na wanunuzi wadogo kama sisi tukafunga. Seni akakaa nyumbani miezi michache, mikono mapajani, anatazama paa. Ndugu yetu mmoja wa Dar es Salaam akamwita akafanye kazi kwenye tanuri lake la mikate. Siku ya kuondoka, Seni alisimama mlangoni akataka kusema jambo, nami nilitaka asome jibu langu usoni. Ukapita katikati yetu na fagio. "Meli itakuacha," ulimwambia. Akaondoka.

Hukulia. Nilikuangalia sana nione kama utalia. Kesho yake alfajiri ulikuwa umeshavaa kofia.

"Kaka yake Zuwena ana ardhi Mtoni hailimwi," ulisema. "Twende tukalime."

"Mimi nitashona," nilikujibu. Nilikuwa na cherehani niliyoletewa na baba, na watu walikuwa wameshaanza kuniulizia nguo za skuli.

"Mwanamke anayekaa anaoza."

"Basi nitaoza nikishona."

Hiyo ndiyo mara ya kwanza nilikujibu hivyo. Ulinitazama. Mkono wako wa kulia uliinuka kidogo, nnaukumbuka mpaka leo, ukasimama hewani, ukashuka. Ukatoka uani, nikasikia shoka. Jioni uliporudi kutoka Mtoni ulinikuta nimemaliza sare mbili. Ulizishika, ukazigeuza ndani nje, ukavuta mshono kwa nguvu zako zote ili ukatike. Haukukatika. Ukaziweka chini, ukaenda kutazama chungu. Wiki iliyofuata nikasikia kwa mteja kwamba Bi Moi anawaambia wanawake sokoni Darajani, pale anapouza mchicha na mboga zake za majani ya haradali, kwamba ati mkaza mwanawe ana mshono usiokatika. Sokoni uliwaambia. Mimi nilikuwa nyumbani, chumba cha pili.

Tukaishi hivyo, wewe shamba, mimi cherehani, Fatu kati yetu akikua na lugha tatu mdomoni. Seni alikuja mara moja kwa mwaka na mikate iliyokauka kwenye mfuko. Alikuwa kama mgeni. Tulikuwa tukimpa kiti kizuri, na wewe ulikuwa ukimlaza mapema kama mtoto, ukisema amechoka na safari. Nilipata wapi nafasi ya kuwa mke? Namshukuru Mungu kwamba hata hivyo nilishika mimba ya pili.

Mimba hiyo ilikuja pamoja na ile miaka ya foleni. Mchele ukawa wa kupimwa. Mtu anatoka asubuhi kwenda kujipanga dukani, anarudi na mfuko wa kujaza viganja tu. Wewe, ambaye miaka yote uliuita muhogo chakula cha wanyama, ukaanza kula muhogo. Muhogo wa kuchemsha, asubuhi, mchana na jioni. Nikikutilia wali, unasukuma bakuli. "Mchele unanisumbua tumbo," ulisema. Tangu lini, mama? Mhakka gani amewahi kusumbuliwa na mchele?

Nilitazama debe la mchele, nikaona linashuka haraka kuliko midomo yetu. Nikadhani unauza. Nikadhani unampelekea mtu. Nilikuuliza waziwazi, na tumbo langu limefika puani, miguu imevimba. Uliinuka ukaenda kutazama chungu. Nilikufuata mpaka jikoni nikakuuliza tena. Ulisema, "Kaa chini, utazaa njiani."

Mwanangu Min alipozaliwa ndipo ulipoutoa ule mtungi kutoka chini ya kitanda chako. Pombe ya mchele. Ulikuwa ukitoa fungu lako wewe, kidogo kidogo, miezi yote ile, unalichachusha chumbani kwako na mlango umeufunga, ili nipate supu ya kuku ya uzazi kama ilivyo ada. Watu mjini wanahangaikia mchele wa kula, wewe unatengeneza pombe. Wangejua, tungefukuzwa mtaa. Na ulikuwa umekonda, mama. Mifupa ya shingo ilikuwa imetoka. Nililishika bakuli lile nikalia kwa hasira, nnasema kweli, kwa hasira. Nilikuambia kwamba heri ungekula wali wako ukaniacha mimi na uji wa Bi Zuwena.

"Kunywa," ulisema. "Inapoa."

Nilikunywa. Ilikuwa na chumvi nyingi.

Min hajafika arubaini, barua ya Seni ikaja. Amepata vibali vya kusafiri, mimi na watoto na wewe, tuhamie Dar es Salaam. Amepanga chumba. Nilikusomea. Nilikuwa nimeingoja barua hiyo miaka. Ulikuwa ukimenya muhogo, hukuinua macho.

"Nenda," ulisema.

"Twende sote."

"Mimi nshahama mara moja. Inatosha."

"Utakaa na nani?"

"Na Zuwena. Na mboga."

Nilipiga kelele siku ile, najua, mtaa wote ulinisikia. Nilikuambia kwamba hunipi nafasi ya kuwa mke nikiwa hapa, na sasa hunipi nafasi ya kuondoka kwa amani. Ulimaliza kumenya. Ukaniambia nichukue sufuria ndogo, kubwa itakuwa nzito kwenye meli.

Basi nikafunga mizigo. Nilifunga kwa hasira, kila kitu nilikibwaga. Na wiki ile ile, mama, katika wiki zote za maisha yako, ukachagua wiki ile kuanguka shambani Mtoni. Kaka yake Bi Zuwena alikuleta kwenye gari la ng'ombe, umelala juu ya mboga zako, kofia umeikumbatia kifuani. Daktari alisema moyo. Nikafungua mizigo nitoe mashuka.

Ulikaa kitandani majuma. Kila asubuhi uliniambia, "Meli haikungoji."

"Nitakwendaje nawe uko hivi?"

"Kwa miguu, mpaka bandarini. Si mbali."

Nilikuogesha, nikakulisha, nikakugeuza. Nilingoja. Nitakuambia nilichokuwa nikingoja, maana sasa huwezi kuinuka. Nilikuwa nikingoja neno. Moja tu. Sikutaka shukrani. Nilitaka uniite kwa jina langu na useme jambo ambalo mtu anamwambia mtu. Asubuhi ile ya mwisho ulifumbua macho ukanitazama sana, nikainama karibu na mdomo wako. Nilijua kwamba sasa unasema.

Ukasema, "Funga mlango, kuku wataingia."

Nikaenda kufunga mlango. Niliporudi ulikuwa umeshaondoka.

Hayo ndiyo uliyoniachia, Bi Moi. Kuku. Nilikuosha mimi na Bi Zuwena, kila mmoja akisoma ya kwao, na katika kukuosha niliropoka. Nilisema mbele ya maiti yako kwamba umenitumia kama punda na hukunipenda hata siku moja. Bi Zuwena aliuweka mkono wako chini taratibu.

"Hakukuambia habari za mavyaa wake?"

"Hakuniambia kitu. Hajawahi kuniambia kitu."

Ndipo aliponisimulia yale uliyomsimulia barazani kwake, kwa Kiswahili chako cha mkato, jioni baada ya jioni. Kwamba kwenu kulikuwa na njaa, na wazazi wako walikupeleka ukiwa mtoto wa meno ya maziwa kwenye nyumba ya mtu mwengine, ulelewe humo mpaka ukue uolewe na mtoto wao. Kwamba uliitwa moi, yaani msichana tu kwa Kihakka, kwa sababu hakuna aliyejishughulisha kukupa jina, na ukaja nalo mpaka huku. Kwamba mavyaa wako alikupiga kwa ukuni kila siku iendayo kwa Mungu, kwa maji yaliyomwagika, kwa wali ulioungua, kwa kulia, na kwamba ulikuwa na alama mgongoni. Alama zenyewe nilikuwa nikizitazama wakati ule, nimezishika kwa kitambaa cha maji. Nilikuwa nimezidhania za mizigo.

"Siku ulipokuja wewe," Bi Zuwena aliniambia, "alirudi kutoka bandarini akakaa hapa kwangu. Akaniambia, 'Zuwena, mtoto amelia njia nzima. Mimi sikugeuka, asione haya. Mimi huyu sitampiga.' Na kila mwaka akinihesabia. 'Sijampiga bado, Zuwena.' Kama mtu anayefunga saumu."

Nilikaa chini, kwenye sakafu yenye maji.

Nnataka kukuuliza, mavyaa, na nnauliza kwa uchungu: kwa nini uliniacha nisijue? Mimi nilitoka nyumba ambayo hakuna anayepigwa. Kutopigwa kwangu kulikuwa kama hewa. Ningejuaje kwamba kwako ilikuwa kazi, kwamba kila ukuni ulioupasua uani ulikuwa ukiupasua badala ya kitu chengine? Ulimpa Bi Zuwena moyo wako wote kwa lugha usiyoijua, na mimi niliyezaliwa na lugha yako ukanipa "chumvi". Sentensi moja ya Kihakka ingenitosha. Ningekula muhogo na wewe. Ningekufuata Mtoni na sindano zangu, nikashonea chini ya mgomba. Au labda nisingefanya chochote katika hayo, maana nilikuwa kijana na kaidi, lakini ningekuwa najua ninayemkasirikia.

Nshasema. Sasa nikupe habari za nyumbani.

Seni alifika siku ya pili baada ya maziko. Alikaa kwenye kaburi lako, lililo kando ya la baba yake, mpaka jua likachwa, na mimi nilimwacha. Aliporudi alitoa vibali mfukoni akaviweka mezani. Bado vilikuwa na siku kabla ya kwisha muda wake. Alisema, kwa ule upole wake, kwamba sasa hakuna cha kutuzuia.

Nilivitazama. Miaka mingapi nilivitaka, mama. Nikamwambia, "Mimi siendi."

Hakuelewa. Wala mimi sikuelewa mpaka nilipokuwa nimeshasema. Nilimwambia kwamba nina sare za skuli nzima za kumaliza. Kwamba mboga za Mtoni zimechipua na mtu asipozimwagia zitakufa. Kwamba Fatu akiota ndoto anaota kwa Kiunguja, na Bi Zuwena macho yake yameanza kuingia ukungu na hana mtu mwengine ng'ambo ya kichochoro. Kwamba yeye, Seni, nampenda pengine, lakini simjui, na siwezi kumfuata mtu nisiyemjua kwenye mji nisioujua kwa mara ya pili katika maisha yangu. Nilikuwa nimesimama wima. Sauti ilikuwa imetoka ndani sana. Mara ya kwanza nilipoletwa kisiwani hapa sikuulizwa, na sasa nimeulizwa, na jibu langu ni hilo.

Kisha akaanza kueleza jinsi wewe ungependa, jinsi mama alivyokuwa, mama alikuwa hivi, mama alikuwa vile. Nikamkata.

"Wewe ulimjua kwa barua nilizokuandikia kwa niaba yake," nilimwambia. "Mimi nilikuwa naye jikoni."

Nilidhani atakasirika. Mwanao aliinamisha kichwa. "Kweli," alisema. Akavichukua vile vibali, akavikunja, akavitia ndani ya kabati. Dar es Salaam hakurudi. Alipeleka habari kwa ndugu yetu wa tanuri kwamba atafute mtu mwengine.

Kwa hiyo huyu hapa, mavyaa. Umeniachia mwanao, mwanamume mzima, na hakuna aliyenifundisha namna ya kuishi naye, maana mwalimu wangu ulikuwa wewe na wewe ulikwisha kusahau. Anaamka mapema hana la kufanya. Anakunja khanga zangu vibaya. Anaimba akinyoa ndevu. Anakaa kwenye mlango wa uani nikipita nampiga kikumbo. Wateja wangu wanamwogopa kwa urefu wake. Kule Mtoni ameng'oa mche wa haradali akidhani magugu. Usiku ananiuliza mambo, na nikianza kumjibu anakaa kimya ananisikiliza mpaka mwisho, na hilo ndilo linanichosha kuliko yote, kwa sababu sijazoea, nafika katikati nasahau nilikuwa nikisema nini.

Jana asubuhi nilimsikia akihangaika jikoni, vifuniko vinaanguka. Alitaka kunipikia chai kabla sijaamka. Akaita, "Lani, kibiriti kiko wapi?"

"Palepale," nilimwambia kutoka kitandani.

Kabati likafunguliwa, likafungwa. Kisha akasema, taratibu kabisa, "Palepale ni wapi?"

Mtu amezaliwa nyumba hii. Nikatukana kidogo, kwa Kihakka, nikaondoka kitandani, nikaenda jikoni. Alikuwa amesimama katikati na birika mkononi kama mgeni aliyeachwa mlangoni. Ikabidi nimshike mkono nikamwonyeshe.

Pumzika, Bi Moi. Mlango nimeufunga, na kama kuna kuku watakaoingia ni juu yangu sasa.

Mimi mkaza mwanao,
Lani